Kipenyo kwanza, ugumu baadaye

Anayeanza kumimina vichwa vya risasi mwenyewe hukutana mapema na utando wa kijivu wa madini ya risasi ndani ya mtutu. Mifuo (mikato iliyochongwa ndani ya mtutu) inazibika, shabaha inatawanyika, na ushauri wa kwanza anaopewa ni kuongeza antimoni ili kichwa kiwe kigumu zaidi. Ushauri huo siukubali. Mara nyingi ninapochunguza mtutu wa namna hiyo, nakuta kichwa ni chembamba kuliko mifuo.

Penye upenyo, gesi ya baruti hupita pembeni mwa kichwa ikiwa ya moto kupindukia. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo gesi inaichonga na kuipaka chumani. Ukikifanya kichwa kigumu mno huku baruti yako ni ya nguvu ndogo, unazidisha tatizo, maana shinikizo linashindwa kukitanua kitako chake kizibe nafasi. Kwa mizigo myepesi (yenye baruti kidogo) ya .38 Special, risasi ya rivolva, ugumu wa 10 hadi 12 kwenye kipimo cha Brinell cha ugumu wa metali unatosha kabisa.

Basi pima. Hakikisha silaha haina risasi, pitisha kipande cha madini laini ya risasi kilichopakwa mafuta kwenye mtutu kwa kukigonga taratibu na ufito wa shaba, kisha kipime kwa maikromita. (Mitutu yenye mifuo mitano, kama ile ya Smith & Wesson, hudanganya maikromita ya kawaida, kwa sababu mfuo mmoja hutazamana na tuta, yaani sehemu iliyoinuka kati ya mifuo.) Kichwa kizidi kipimo hicho kwa takriban milimita 0.025. Mtutu wa milimita 9.07 nautengenezea kichwa cha 9.09. Kwenye rivolva pima pia matundu ya mbele ya silinda. Yakiwa membamba kuliko mtutu, yatakiminya kichwa kabla hakijaufikia, na kazi yako yote imepotea.

Ganda nalo linaweza kukiminya, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Ganda la 9 mm hunenepa kuelekea kitakoni, na kipanulio (kifaa cha kufungua mdomo wa ganda) kilichotengenezwa kwa vichwa vya shaba hakilifungui vya kutosha. Ng'oa kichwa kimoja kwenye risasi uliyokwisha kuiunda, ukipime tena. Kikiwa kimepungua, tafuta kipanulio kinene zaidi, na usikaze mdomo wa ganda kupita haja.

Utando wenyewe hukuambia chanzo. Ukianzia karibu na chemba, shuku kipenyo. Ukitokea mwishoni, kwenye mdomo wa mtutu, kilainishi kilichopakwa kwenye kichwa kimekwisha njiani: ongeza, au badili. Mchanganyiko wa Alox (aina ya kilainishi) na nta ya nyuki, nusu kwa nusu, bado naupenda. Rangi ya unga inayookwa juu ya kichwa hufanya kazi vizuri sana pia, ila upime kipenyo baada ya kuoka, kwani huongezeka.

Kusafisha, zungushia nyuzi za shaba halisi kwenye brashi kuukuu na usugue mtutu ukiwa mkavu. Siki iliyochanganywa na peroksaidi usiiguse, hata kama inaondoa haraka: hugeuza madini ya risasi kuwa chumvi yenye sumu inayoyeyuka majini. Vitambaa vichafu vifunge mbali na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chochote cha kuliwa.