Mkaguzi Asiyetujua

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha ushirika mwaka tulioomba mkopo wa kujenga ghala. Sharti la mkopeshaji lilikuwa fupi: hesabu za mwaka zikaguliwe na mhasibu mwenye leseni. Kamati ikaona hilo dogo. Wote tukamfikiria kijana aliyekuwa akija kutufungia vitabu kila mwisho wa mwezi.

Mwenyewe akakataa. "Katibu, leseni sina. Na hata ningekuwa nayo, vitabu hivi naviandika mimi. Nitajikagua vipi?"

Akajitokeza mwingine, mwenye chumba kimoja na mihuri mingi. Niache mizania, yaani jedwali la mali na madeni yetu, asubuhi, akasema, jioni niifuate ikiwa imesainiwa. Stakabadhi hata moja hakutaka kuiona. Nikamshukuru, nikaondoka na faili langu.

Rejista ya bodi ya wahasibu ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nikitafuta majina, kumbe la muhimu ni hadhi iliyoandikwa mbele ya kila jina. Uanachama ni kitu kimoja, cheti cha kutoa huduma kwa umma ni kingine. Mtu anaweza kufaulu mitihani yote na kulipa ada kila mwaka, lakini kama hana cheti hicho, ripoti ya ukaguzi hawezi kuisaini. Na cheti chenyewe huisha muda, kwa hiyo tarehe nayo isomwe.

Jina moja lilikuwa la mji wetu, mzee aliyerudi nyumbani baada ya kustaafu, cheti chake hai. Nilimfuata siku hiyohiyo. Kabla sijamaliza kujieleza akauliza, "Mweka hazina wenu ni nani?" Nikamtaja. Akacheka.

"Huyo shemeji yangu, mwanangu. Siwezi."

Nikamwambia mji mzima unaujua uadilifu wake. "Mji, ndiyo," akanijibu. "Lakini ripoti itasomwa na mtu asiyenijua. Akisikia nimekagua hesabu za shemeji yangu, atasoma ukurasa wa pili?"

Nilitoka pale nimekasirika kidogo, lakini hoja yake sikuweza kuipangua. Sisi wa miji midogo humtafuta mtu wetu kwa kila kazi: fundi wetu, dereva wetu, daktari wetu. Kwa ukaguzi, undugu huohuo ndio unaoharibu. Pale ambapo nusu ya kamati ni mashemeji wa nusu nyingine, tulichohitaji kununua ni ugeni.

Mgeni tuliyempata alikuwa mama mmoja wa mji wa mbali. Kwanza alituma barua ya makubaliano: kazi yake ipi, yetu ipi, malipo kiasi gani. Kuandaa hesabu ni jukumu la kamati, yake ni kutoa maoni kama hesabu hizo ni za kweli. Kisha akataka kuwapo siku ya kufunga mwaka, tukihesabu mifuko ya mbolea kwenye stoo yetu. Alihesabu upya mirundo aliyoichagua mwenyewe, na akamwomba mwenyekiti asogee kidogo asimtajie idadi.

Wadaiwa nao aliwachagua yeye. Kila mmoja aliandikiwa barua kuthibitisha deni lake, na majibu yakaenda kwake moja kwa moja, si ofisini kwetu. Wazee wawili waliona wanatuhumiwa, ikabidi nipite nyumba kwa nyumba kuwatuliza. Sehemu hiyo ya kazi hakuna aliyenionya.

Ripoti ilipokuja, mwenyekiti aliisoma akanyanyuka. Kulikuwa na aya inayosema kwamba mali iliyokuwamo stoo mwanzoni mwa mwaka hakuweza kuithibitisha, kwa kuwa hakuwapo ilipohesabiwa, na kwa hiyo hesabu anazikubali isipokuwa hapo. "Mama, tumekulipa utuchafue?"

"Mzee, mlinilipa niseme nilichokiona. Siku ile sikuwapo."

Mkopeshaji alichukua namba ya cheti cha yule mama, akaitafuta kwenye rejista mbele yetu, ndipo akafungua ripoti. Kwenye ile aya aliuliza swali moja tu: mwaka huu stoo ilihesabiwa mkaguzi akiwapo? Nikamwonyesha karatasi za kuhesabia zenye sahihi yake. Mkopo ukapita, pungufu ya tulichoomba, na ghala likajengwa dogo kuliko lile la kwenye mchoro.