Jinsi tulivyotatua pumzi fupi kwenye mlima wa Uyole hadi Isyonje, mkoani Mbeya

Mwendesha baiskeli alikuwa akihema mara 60 kwa dakika, mabega juu, akidhani mapafu yake ni madogo. Sivyo. Katika kila pumzi, takriban mililita 150 za hewa huishia kooni na kwenye mirija, haifiki kwenye vifuko vya mapafu. Pumzi 60 za lita 1.5 ni lita 90, na 9 zinapotea bure. Pumzi 36 za lita 2.5 ni lita 90 zilezile, zinapotea 5.4 tu.

Tulianza na baiskeli: usukani ukapandishwa sentimita 2, kwa sababu tumbo lililobanwa halikipi kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nafasi ya kushuka. Kisha gia nyepesi, mizunguko 80 kwa dakika. Toa pumzi kwa mikanyago mitatu, vuta kwa miwili, ukihesabu kila mguu. Hapo unapata pumzi 32 kwa dakika. Kazana kutoa, kuvuta kutakuja kwenyewe. Mlima ukikaza, acha hesabu, hema upendavyo ila kwa kina.

Usijilinganishe na Dar es Salaam: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kuhema zaidi ni kawaida. Kifua kikipiga filimbi baada ya mbio, kapime pumu kwanza.