Siku yangu moja kazini: VSAT isiyorudi umeme ukikatika

Saa 12:30 asubuhi. Njombe, mwezi wa Julai, baridi ya kukata. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, lakini modemu ya VSAT (mtandao wa setilaiti kwa dishi dogo) haikushika tena mawimbi. Baridi hii ndiyo naihitaji, kwa sababu LNB (kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi na kuyashusha masafa) ikishapigwa na jua kosa lake la masafa linahama na vipimo vinakuwa vingine. Spektramu analaiza, kifaa kinachoonyesha mawimbi na masafa yake, naiwasha mapema ipate joto nusu saa kabla ya kuamini namba zake.

Saa 1:00. Waya wa LNB naupitisha kwenye spilita, kigawanya mawimbi. Mguu unaopitisha umeme unaenda kwenye modemu, maana ndiyo inayoilisha LNB. Mguu wa pili unaenda kwenye analaiza, na hapo katikati nafunga kizuizi cha DC. Ukikisahau, volti 18 zinaingia kwenye kifaa cha mamilioni, na ndiyo mwisho wa habari.

Kiungo hiki ni cha C-band, bendi ya setilaiti ya karibu 4 GHz. LNB ina oskileta (kizalisha wimbi la ndani) ya 5,150 MHz, na karia yetu (wimbi linalobeba data) inashuka kutoka kwenye setilaiti kwa 3,912.400 MHz. Kwa hiyo kwenye waya inatakiwa kuonekana kwenye 5,150 − 3,912.400 = 1,237.600 MHz.

Saa 1:20. Karia ni ya 512 ksps (simboli 512,000 kwa sekunde), QPSK (njia ya kupakia data kwenye karia). Kitovu chake sikikisii kwa macho. Natoka kwenye bapa la juu, nashuka 3 dB (nusu ya nguvu) kila upande, nasoma kingo zote mbili: 1,237.259 na 1,237.771. Tofauti ni 512 kHz, sawasawa na kasi ya simboli, kwa hiyo ni karia yenyewe. Kitovu ni 1,237.515, pungufu kwa 85 kHz. Modemu imewekewa kutafuta ±30 kHz tu. Itashikaje?

Je, kosa ni letu au la anayerusha? Naangalia bikoni ya setilaiti (wimbi lake la kudumu la kupimia), ambayo ilitakiwa kuwa 1,200.000. Naikuta 1,199.915. Imepungua 85 kHz vilevile. Vyote vikihama kwa kiasi kimoja, mkosaji ni LNB. Bikoni ingekuwa mahali pake na karia peke yake imehama, ningepiga simu upande wa pili bila kugusa kitu hapa.

Saa 1:45. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwenye C-band oskileta iko juu ya karia, hivyo ikishuka 85 kHz, karia kwenye waya nayo inashuka 85. Kwenye Ku (bendi ya juu zaidi) yenye oskileta ya 10,000 MHz mambo ni kinyume: oskileta ikishuka, karia inapanda. Fundi aliyezoea Ku akija huku na mazoea yake ataweka 1,237.685, na kosa la 85 linakuwa 170. (C-band pia huigeuza spektra (sura ya mawimbi) kama kioo. Mpangilio huo wa modemu usipowekwa sawa, unaweza kukesha na masafa sahihi kabisa bila data.)

Naweka 1,237.515. Modemu inashika ndani ya sekunde chache. Watu wa ofisini wanashangilia, mimi bado.

Saa 3 hadi saa 6. Kila nusu saa nasoma bikoni. Jua linapanda, LNB inapata joto, na kosa la 85 linakuwa 60, 41, kisha 20. Modemu haidondoki, kwa sababu ikishashika inaifuata karia polepole inakokwenda. Saa 6 naizima na kuiwasha. Haishiki: inatafuta karibu na 1,237.515 wakati karia iko 1,237.580, umbali wa 65 kHz. Ndiyo maana kila umeme ukikatika wanalalamika.

Kuna anayeshauri kupanua utafutaji hadi ±200 kHz. Sikubali. QPSK inaweza kushika kwa uongo pale kosa linapofika robo ya kasi ya simboli, hapa 128 kHz: taa inawaka, data haisomeki. Na karia ya jirani nayo inaingia kwenye eneo la utafutaji.

Saa 7:30 mchana. LNB hii ni ya DRO (oskileta isiyo na rejea thabiti), aina inayoruhusiwa kuyumba hadi ±500 kHz. Kwa TV ya simboli milioni 30 hakuna anayegundua. Kwa karia nyembamba ni balaa. Nafunga ya PLL (oskileta iliyofungwa kwenye rejea thabiti), ±10 kHz. Modemu nazima kwanza ndipo nachomoa waya. Gasketi mpya, boliti nakaza kwa kupishana, fidi (mdomo wa dishi unaopokea mawimbi) haizungushwi hata kidogo. Konekta naikata na kufunga upya, maana ndani kulikuwa na kutu ya kijani, kisha naizungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe.

Saa 9. Bikoni: 1,200.004. Modemu nairudisha 1,237.600, ±30 kHz. Inashika na kuonyesha kosa la +4 kHz. Nazima na kuwasha mara tatu, inarudi mara zote tatu.

Saa 1 usiku. Baridi imerudi. Kosa ni +2 kHz. Nabandika karatasi ndani ya mlango wa raki: aina ya LNB, 5,150 MHz, spektra imegeuzwa, +4 mchana, +2 usiku.