Mzee alipotoka ukumbini

Katika Safari Rally, pale Naivasha, dereva mmoja aliegesha gari lake kando ya njia, akavua helmeti, akaketi juu ya jiwe huku vumbi la wenzake likimpita kichwani. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mtu akishuka mwenyewe, ameshindwa au ameacha?" Nikamwambia anyamaze, kuna gari linakuja. Hapakuwa na gari lolote.

Mwaka 2013 nilimpeleka Mzee kutazama Rush, filamu ya Ron Howard inayosimulia jinsi Mwingereza James Hunt na Niki Lauda wa Austria walivyogombea ubingwa wa langalanga mwaka 1976. Kwake yeye, 1976 ulikuwa mwaka ambao Joginder Singh alitwaa Safari kwa mara ya tatu, akiendesha Mitsubishi Lancer. Mashindano mengine ya mwaka huo hayakumhusu. Mimi ndiye niliyekuwa shabiki, na kwa muda wa nusu saa nzima nilimkera kwa kumnong'oneza makosa ya watengenezaji: kwamba wale wawili hawakuwa maadui kiasi hicho, kwamba walijuana tangu ujana na hata waliwahi kuishi nyumba moja London, kwamba Hunt hakumpiga mwandishi yeyote wa habari. Mzee alinijibu mara moja tu, akisema kwamba kama nilikuwa nikiijua yote, ningebaki nyumbani.

Ajali ya Nürburgring ya tarehe 1 Agosti ilipofika, niliacha kunong'ona. Madereva wenzake wakamtoa Lauda motoni, padri akaitwa kitandani kwake, na wiki sita baadaye akarudi mbioni, Monza, Italia, na kumaliza wa nne, vidonda vya kichwani vikiwa bado vinatoka damu. Hayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi, ila kusoma hakuna sauti ya helmeti ikivutwa juu ya bendeji.

Kisha ikaja Fuji, kule Japani, mbio za mwisho za msimu, tarehe 24 Oktoba, Lauda akiongoza kwa pointi tatu. Mvua ilikuwa imeifunika skrini yote. Hukuona magari, uliona ukungu mweupe na taa nyekundu zikipotea ndani yake. Hapo ndipo nilipohisi kiti changu kikitikisika. Nilitazama chini nikaona mguu wa kulia wa Mzee ukiibana sakafu. Kila gari lilipoikaribia kona, kiatu kilishuka taratibu juu ya zulia, kikashikilia, kikaachia kidogo, kikashikilia tena, kama mtu anayeteremka Sachangwan na lori lililojaa saruji na hataki breki zipate moto. Miaka ishirini na sita aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba, na alikuwa amestaafu miaka kumi na moja. Mikono yake ilitulia mapajani, uso haukuonyesha chochote. Ni ule mguu peke yake uliokuwa Japani. Sikuitazama tena filamu, nilitazama kiatu. Nikakumbuka kwamba katika utoto wangu hakuwahi kutusimulia alichokutana nacho kwenye ule mteremko, ingawa zilikuwapo siku alizorudi nyumbani akakaa nje hadi usiku, na Mama akatuzuia tusimwendee.

Lauda alimaliza mizunguko miwili, akaingia kwa mafundi wake, akashuka. Mguu wa Mzee ukalegea. Akashusha pumzi, akachukua kofia yake.

"Imekwisha. Twende."

"Mzee, bado mizunguko sabini na mmoja."

"Imekwisha," alisema, akapita mbele ya magoti ya watu huku wakimsonya, akatoka.

Mimi nilibaki. Nilijua vizuri kabisa kwamba Hunt angebadilisha tairi, angekimbiza gari kama mwendawazimu, angemaliza wa tatu nyuma ya Mario Andretti na Patrick Depailler na kuwa bingwa kwa pointi 69 dhidi ya 68. Nilibaki kuona jambo nililolijua, na moyo ukanidunda vilevile.

Nilimkuta Mzee ameegemea gari. "Yule Mwingereza alifika?" Nikamwambia alifika. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akaingia upande wa abiria na kufunga mkanda.

Nilikuwa nimenuna, kwa hiyo sikumweleza mengine. Sikumweleza kwamba Emerson Fittipaldi na Carlos Pace nao waliacha siku ile. Sikumweleza kwamba, kwa mujibu wa kisa kinachosimuliwa mara kwa mara, fundi mkuu wa Ferrari, timu ya Lauda, Mauro Forghieri, alikuwa tayari kusingizia injini, na Lauda akakataa, akasema ni yeye mwenyewe aliyeamua. Wala sikumweleza kwamba mwaka uliofuata Lauda aliutwaa tena ubingwa, na tena mwaka 1984. Mambo haya yangemfurahisha, nami nilikuwa nayo yote mdomoni tangu maegeshoni hadi mlangoni kwake, safari ya dakika arobaini. Nilizungumzia foleni.

Mwanangu aliuliza tena tulipokuwa tukirudi kutoka Naivasha, karibu na Mai Mahiu, lori moja likiwa mbele yetu linapanda polepole. Nilianza kumsimulia kuhusu Fuji. Nilipofika kwenye mzunguko wa pili, alikuwa amelala.