Herufi saba za Fordson, wiki tatu za hasira

Leo saa kumi na moja jioni neno FORDSON kwenye trekta kuukuu ninayoikarabati limesimama kwa rangi ya machungwa juu ya buluu, na hakuna tone lililoteremka kando. Nimekaa kwenye mtungi uliopinduliwa nikiliangalia mpaka chai ikapoa. Wiki tatu jamani, kwa herufi saba!

Trekta yenyewe ni Fordson ya modeli ya E27N, zile zilizotengenezwa Dagenham, Uingereza, kuanzia 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kutu imeshatoka, rangi ya kuzuia kutu imeingia, buluu koti mbili. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha, kumbe tangi la juu la rejeta lilikuwa likinisubiri. Herufi zimemiminwa pamoja na chuma chenyewe kiwandani, zimeinuka kama milimita 3 tu, na miaka yote hiyo ya mvua imezila vilele.

Nilianza na brashi nyembamba. Mkono wangu si wa wale vijana wanaochora matatu. Rangi ya mafuta unaiweka juu ya herufi, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi imeshateremka ubavuni. Nikafuta, nikapaka, nikafuta tena, mpaka thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, ikaanza kuila buluu ya chini. Koti nyingine ya buluu. Halafu brashi zenyewe! Ile ya bei rahisi ilimwaga nywele kama mbwa mwenye ukurutu. Ya bei ghali nayo ilimwaga, ila pole pole.

Nikaja na tepu ya karatasi. Nilikata kwa wembe, herufi moja moja, mchana kutwa. Nilipoivua, buluu ilitoka nayo. Hilo kosa ni langu, sikungoja siku za kutosha. Julai hii ya Nairobi jua linachungulia saa saba na saa tisa limeshajificha, rangi inabaki bichi kama uji. Nikapiga buluu tena, safari hii nikaiacha siku nane bila hata kuigusa kwa kidole (sawa, niligusa mara mbili).

Rola ya sponji ndiyo iliyonitukana kabisa. Sponji ni laini, ukiibonyeza kidogo inazama. Matumbo ya O zote mbili yakajaa rangi, na la D pia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikigombana na rangi bure. Nilihitaji kitu kigumu cha kutosha kisizame bondeni, lakini kinachokubali kunepa kidogo, maana vilele havilingani tena.

Mti wa kusukumia chapati. Mtupu haukufaa, F na N zilishika rangi, zile za katikati zikapata madoadoa. Nikaenda kwa fundi wa pancha, akanipa kipande cha tyubu kuukuu ya bodaboda, nikauvika mti kwa maji ya sabuni. Tyubu inabana kama soksi mpya.

Rangi unaitandaza kwenye kioo cha dirisha, bila thina hata kidogo, unaviringisha mpaka mpira uanze kutoa sauti ya kunata. Ukiona inang'aa na kuteleza, bado ni nyingi. Kisha unapita juu ya herufi mara moja, mwelekeo mmoja, bila kukandamiza. Usirudi nyuma hata ukiona pengo! Pengo litazibwa kesho. Mimi nilipita mara tatu, siku tatu.

S ilikuwa na kesi yake. Shavu la chini lilikuwa limeliwa kabisa, kwa hiyo nililijenga kwa fila ya gari, nikalichonga kwa wembe, kisha msasa namba 240 uliozungushiwa rula ya chuma. Ukitumia kidole badala ya rula, kilele kinakuwa mgongo wa samaki na rangi haishiki pembeni.

Nyumbani kumechafuka kidogo.

"Baba Njeri, leo chapati nitasukuma na nini?"

"Mama Njeri, nitakuletea mwingine kutoka soko la Gikomba."

"Na huo wangu?"

"Huo sasa una rangi."

Hajacheka.

Wiki hii nilipanga kufungua kabureta, maana injini hii inawashwa kwa petroli, ikishapata moto unaihamishia mafuta ya taa, na yangu ikihamishwa inakohoa na kuzima. Lakini jana nikiwa chini na tochi nimeona kwenye giaboksi kuna namba za kiwandani, nazo zimeinuka. Najua wenye msimamo, wanaotaka trekta ibaki kama ilivyotoka kiwandani, watasema ziachwe buluu. Najua pia rangi iliyobaki kwenye kopo itakauka nikiiacha. Kabureta ingoje. Tarakimu mbili za mwanzo nimeshazipitia, ya tatu ina kutu shingoni, na fila imeisha.