Siku moja na makopo 47

Saa 10:30 alfajiri

Simu inalia nikiwa macho tayari. Usiku kucha nimewaza selofani, ile karatasi laini inayopitisha mwanga tunayofunikia sampuli za hadubini. Vipande vyake tunaviloweka siku nzima kwenye glisirini iliyochanganywa na rangi ya kijani, na jana jioni sikuwa na uhakika kama nilifunika chombo. Sanduku la vifaa limelala kwangu kwa sababu gari hunipitia mimi kwanza. Naenda kuangalia kwa tochi. Nilifunika.

Jirani akiniuliza kazi yangu, namjibu "maabara" na kupita. Kwa kirefu ni hivi: nahesabu mayai ya minyoo kwenye choo cha watoto wa shule. Mama mkwe wangu anawaambia watu mimi ni daktari. Nilimsahihisha mwaka wa kwanza wa ndoa, nikachoka.

Saa 11:15

Tuko watano garini: dereva, wataalamu wawili wa maabara, muuguzi, na kijana wa takwimu aliyekumbatia begi la vishikwambi kama mtoto mchanga. Tunatoka Mwanza kuelekea Sengerema. Zamani pale Kigongo tungepanga foleni ya kivuko na kulala usingizi wa pili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kwa dakika chache tu, na usingizi wangu umeenda na kivuko.

Leo ni siku ya pili kati ya tano kwenye shule moja ya msingi iliyo karibu kabisa na maji. Utafiti wetu unauliza kama mtoto mwenye kichocho kikali anakosa masomo kuliko mwenzake, na kama damu yake imepungua. Kwa hiyo tunabeba vitu ambavyo havikutani kila siku: hadubini, kipimo cha damu, na fomu ya kunakili daftari la mahudhurio.

Swali lenyewe ni la zamani. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Busia, Kenya, dawa za minyoo zilianza kugawiwa kwa zamu katika shule 75 mwaka 1998. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliandika mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo. Kremer akaja kuwa mmoja wa watatu waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019. Katikati hapo, mwaka 2015, watafiti wa London walirudia hesabu zile kwa data zilezile, wakakuta makosa, na ugomvi ukawaka. Kijana wa takwimu anaweza kuusimulia ugomvi huo kutoka Usagara hadi Sengerema bila kumeza mate. Dereva humwongezea redio sauti.

Saa 1:40 asubuhi

Watoto wako mstarini. "Mwangaluka!" nawasalimu, wanacheka jinsi ninavyoitamka. Mimi si Msukuma, na hawaachi kunikumbusha.

Jana tuligawa makopo 60, kila moja na namba yake. Majina yako kwenye daftari moja lililofungiwa. Sisi wa hadubini tunaona namba tu. Kabla ya kopo kuna ridhaa. Mzazi anasomewa fomu, anauliza, anatia sahihi au dole gumba. Kisha mtoto mwenyewe anaulizwa, na akikataa imekwisha, hata kama baba yake ametia sahihi mara tatu. Tuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, chenye mhuri, lakini mama aliyebeba ndoo ya dagaa kichwani hasomi mhuri. Anataka kujua kinyesi cha mwanawe kinapelekwa wapi.

Nami siwacheki wanaouliza. Mwaka 2008 kule Morogoro ugawaji wa dawa za kichocho shuleni ulizua taharuki, wazazi wakavamia shule kwa kusikia kwamba watoto wanapewa sumu. Dawa ni salama, lakini vidonge vyake ni vikubwa, vichungu, na mtoto mwenye minyoo mingi akivimeza na tumbo tupu anaweza kutapika na kuona kizunguzungu. Mzazi anayeona hivyo bila kuambiwa mapema atafikiri nini? Ndiyo maana siku ya tano, siku ya dawa, tunaanza na uji.

Saa 2:30

Makopo 47 yamerudi. Kumi na tatu hayakurudi, na sababu ni zilezile: nimesahau, choo kimegoma, mbuzi amekanyaga.

Halafu naona makopo matatu ya wavulana wanaokaa dawati moja. Rangi ile ile. Ganda la punje ya mahindi hapa, ganda la punje ya mahindi pale. Kazi hii imenipa jicho ambalo halifai kutajwa mezani.

Nawaita pembeni, chini ya mwembe.

"Hivi hiki ni cha nani?"

Kimya. Mmoja anatazama vidole vya miguu yake.

"Nitampa dawa nani, na nani ana minyoo, kama wote mmenipa cha mtu mmoja?"

"Daktari, yeye alikuwa nacho kingi," anasema mdogo kuliko wote. "Akatugawia."

Nimegeuka kutazama ziwa mpaka kicheko kilipopita. Mtu hutumia miaka akiandika andiko la utafiti, anapata fedha, anapata kibali, na mwishowe mambo yanategemea ukarimu wa mtoto wa darasa la nne. Nimewapa makopo mapya wawili, nimewaahidi hakuna atakayechapwa, na mwalimu wa afya amelisikia hilo kwa masikio yake. Kwenye fomu nimeandika namba mbili hazina sampuli. Ya tatu, ya mwenye mali, nimeibakiza.

Saa 3 hadi saa 5

Hapa maneno yanakwisha. Tumepewa darasa moja, tumefungua madirisha yote. Unachuja choo kwenye wavu, unajaza kitundu cha kibao kinachochukua miligramu 41.7, unakiweka kwenye slaidi, unafunika kwa selofani, unagandamiza. Slaidi mbili kwa kila mtoto. Mayai ya safura, mnyoo wa utumbo anayenyonya damu, hayasubiri: ndani ya nusu saa hadi saa moja glisirini inayafanya yafifie, kwa hiyo mwenzangu anayasoma palepale huku mimi nikiendelea kutengeneza. Ya kichocho ni mavumilivu, yanaweza kungoja hadi kesho maabara.

Muuguzi yuko chumba cha pili anachoma vidole. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 mwenye hemoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Namsikia akiimba ili wasilie. Sauti yake ni mbaya na ndiyo inayosaidia.

Saa 6 mchana

Jua la utosi. Kutoka dirishani naona watoto wa darasa la kwanza, waliokwisha kuruhusiwa, wanaruka majini. Ni saa mbaya kuliko zote. Konokono wa kichocho hutoa vimelea kwa wingi wakati jua limepamba moto, na vimelea hivyo havihitaji mtoto ayanywe maji, vinapenya ngozi. Niwaambie watoke? Nimewahi. Walitoka, wakanisalimu "shikamoo," wakarudi.

Nakwenda ofisini kunakili mahudhurio. Daftari ni safi kupita kiasi. Mwezi mzima vema, vema, vema, wakati jana darasani nilihesabu madawati matupu kwa macho yangu. Mwalimu ananiangalia nikiangalia. Tunakunywa chai kwanza.

"Mwalimu, wiki hii ni giza?"

Anacheka, anafunga mlango. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Giza likiingia, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, na mikono ya kuanika haitoshi. Watoto wanakwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwanza, shule baadaye, kama baadaye ipo. Akiandika ukweli, anasema, ataulizwa yeye kwa nini wanafunzi ni watoro. Anafungua droo, anatoa daftari jingine la mkono wake, lenye mistari ya penseli. Hilo ndilo la kweli.

Nimekaa nalo nusu saa nzima, chai ikapoa. Utoro umerundikana kwenye siku za giza. Sasa fikiria: mtoto anayeshinda mwaloni ndiye anayekanyaga maji kila siku, ndiye anayeambukizwa, na ndiye anayekosa shule. Tukichora mchoro wetu, mayai mengi upande huu na siku chache darasani upande ule, mstari utapanda vizuri sana na kila mtu atafurahi. Lakini nani kamtoa mtoto darasani, mnyoo au dagaa? Vidonge vinaweza kuua mnyoo. Dagaa havimgusi.

Nampigia mtafiti mkuu papo hapo. Nataka tuongeze swali moja la kazi za asubuhi, na tuweke tarehe za mwezi kwenye uchambuzi. Anauliza kama itabidi kurudi kwenye kamati ya maadili. Itabidi. Nasikia akivuta pumzi. "Andika," anasema.

Mwalimu ameomba daftari la penseli lisitajwe ni la nani. Hapa pia silitaji.

Saa 9:30 alasiri

Maabara, Mwanza. Nimekula sato na ugali njiani kwa haraka ya aibu. Sasa nasoma slaidi za asubuhi, kidole kwenye kihesabio. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, ukiliona mara moja hulisahau. Idadi ya kila slaidi tunaizidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu, kisha tunatafuta wastani wa slaidi mbili. Hiyo 24 ndiyo inayonifanya nihesabu polepole. Yai moja nililolipita halipotei peke yake.

Mtoto mmoja ana 16 na 17. Wastani 396. Mwenzangu, anayesoma bila kuona majibu yangu, kapata 17 na 17, yaani 408. Kuanzia 400 ni maambukizi makali, chini yake ni ya wastani. Tofauti yetu ni yai moja tu, na linamhamisha mtoto kundi. Tunambembeleza msomaji wa tatu, ambaye alishavua koti. Anakaa, anasogeza slaidi pole pole, ananyamaza muda mrefu. Lipo, pembeni kabisa, limefichwa na kapovu ka hewa. Nililipita mimi.

Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini nilikuwa pia nimeshaamua, kabla ya kufika ukingoni, kwamba slaidi ile imekwisha.

Saa 1 usiku

Nyumbani. Nimenawa mikono hadi kwenye viwiko na bado mwanangu ananusa kwanza ndipo akubali kukumbatiwa. Posho ya mwezi uliopita haijaingia. Tumeambiwa wiki ijayo, kama wiki iliyopita.

Saa 3:30 usiku

Kijana wa takwimu ananitumia ujumbe: kwenye yale makopo 47 kuna namba mbili tupu, je, nijaze? Namwandikia aziache tupu. Anauliza tena, maana programu inagoma kufunga fomu ikiwa na nafasi wazi. Aweke alama ya kukosekana, namwambia, na sababu aiandike kama ilivyo.

"Niandike 'aligawiwa'?"

Nacheka peke yangu gizani mpaka mume wangu anageuka kitandani. Andika hivyo hivyo, namjibu. Kesho wale wawili wataleta makopo yao kabla ya kwenda mwaloni. Mwalimu ameahidi kuwapitia nyumbani mwenyewe, saa 12. Naweka simu ilie saa 10:30, kisha naamka tena kwenda kuangalia kama nimefunika selofani.