Perege wa kiganja siwanunui

Ukipita Bwawa la Mtera kwa basi la Iringa, gari halijatulia vizuri wauzaji wameshafika dirishani na perege wa kukaanga. Wengi siku hizi wanaenea kiganjani. Mimi siwanunui, na nawaomba wenzangu wa Dodoma nanyi muwaache.

Perege jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka yaanguliwe. Hata vitoto vikianza kuogelea, vikitishwa hukimbilia mdomoni mwa mama. Mayai yenyewe si mengi kama ya kambale, ndiyo maana yanalelewa hivyo. Sasa mvue huyo kabla hajazaa hata mara moja! Na kokoro, wavu wa kukokota, halichagui: linaburuzwa chini, linasomba wachanga na kufukia viota ambavyo madume wamechimba kwenye maji mafupi. Kanuni za uvuvi zimelikataza, pamoja na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki. Kule Ziwa Victoria sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi, wala sangara asiyefika 50.

Lakini mkaguzi hawezi kukaa kila mwalo. Nilimwambia muuzaji mmoja, "Dada, nipe wakubwa, hata wawili tu kwa hela hiyohiyo." Akanijibu, "Kaka, wadogo ndio wanaotoka. Abiria anataka wengi." Jibu lile liliniuma, maana abiria ni sisi. Mvuvi anachagua wavu kwa kuangalia tunachonunua.

Jirani yangu aliniuliza mbona dagaa nakula, na hakuna mdogo kuwashinda. Swali zuri. Dagaa wa Mwanza wa urefu wa kidole ni mzima, ameshafikia kuzaa. Maisha yake mafupi na anaongezeka upesi. Perege wa urefu huohuo bado mtoto kabisa.

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nyumbani kwangu migebuka, samaki wa ziwa hilo, ilisubiri, tukala mlenda na maharage, na sikuona shida. Waliobeba mzigo ni wavuvi wa Kigoma, waliokaa bila kipato cha ziwa.

Kama unaleta Dodoma perege wakubwa kutoka Mtera au Hombolo, niandikie bei ya ndoo. Mtaani kwetu tupo kadhaa tulio tayari kuchanga na kugawana, na kwa mkubwa tutaongeza hela.